Hitima ya Kamusi

Ijumaa iliyopita baada ya alasiri walimsomea hitima Maalim Mbwana, nami nikaenda, kwa kuwa mjini kwetu mtu haachi kwenda hitimani eti kwa sababu marehemu hakumpenda. Wanawake tulikaa orofani, wanaume chini, na kipaza sauti kikawekwa kwenye ngazi ili nasi tusipitwe na sifa. Sifa zilikuwa nyingi. Athmani, mtoto wa nduguye, ambaye siku hizi ana tumbo la mwenye mali na ofisi yake mwenyewe ya uwakala wa mizigo, alikikamata kile kipaza sauti akatwambia kwamba asingepata ukarani wake wa kwanza kule Mbaraki lau si mwaka mmoja wa Kiingereza alioupata miguuni mwa maalim. Bibi aliyekaa kando yangu akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Nawe si ulisoma kwake, Tima?" akaniuliza. Nikamwambia nilisoma. "Basi shukuru, mwanangu. Watu kama wale hawapo tena." Nikamjibu alhamdulillahi, na nilimaanisha.

Hitima yenyewe ni jambo zuri na sina la kulitania. Msahafu hugawanywa juzuu thelathini, huwekwa ndani ya sanduku, na kila aliyehudhuria huchukua juzuu yake akaisoma kwa sauti yake ya chini. Wote wakisoma kwa pamoja, kitabu kizima huwa kimesomwa kabla kahawa haijapoa, na thawabu zake hupelekewa maiti. Hapo hakuna anayesema kwamba ameusoma msahafu wote peke yake. Maalim Mbwana, ambaye tangu utoto wake hakuona njia nyingine ya kumaliza kitabu kinene, aliitazama kamusi ya Kiingereza akaona nayo itamalizika vivyo hivyo. Akachukua kisu, akaikata vipande kwa herufi za mwanzo, akavishona kila kimoja kwa uzi na kukivika karatasi ya kaki, akavipanga katika sanduku lililokuwa la vikombe. Kisha akatangaza msikitini na dukani kwamba anafungua darasa la Kiingereza, na kwamba wanafunzi wake wataihitimu kamusi nzima kabla mwaka haujaisha. Wazee wa mji huu, watu wanaoweza kubishana asubuhi nzima juu ya uzito wa pishi ya mchele, walilipokea hilo bila swali hata moja.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na nimekaa nyumbani kiasi cha kuanza kuzijua nyufa za dari. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Darasa lilikuwa Ndia Kuu, Mji wa Kale, chumba cha juu cha nyumba ya maalim, na chini yake palikuwa na duka la vinyago. Mwenye duka alikuwa na vijana waliokaa uani kutwa wakiwapaka twiga wa mbao rangi nyeusi ya viatu ili mgeni adhani ni mpingo, na harufu ya rangi ile ilipanda kwenye ngazi ikakaa nasi mikekani. Nilikuwa nikiwaza kwamba sisi tuliokuwa juu na twiga waliokuwa chini tulikuwa tukitengenezwa kwa ufundi mmoja. Sikumwambia mtu. Wasichana tulikaa upande wa dirisha, wavulana upande wa mlango, katikati maalim kwenye kiti cha kusuka, amevaa kizibao hata jua likiwa limewaka vipi, na kandoni mwake lile sanduku.

Juzuu yangu ilikuwa ya maneno yanayoanza kwa C, O na N zikifuatana. Rehema alipewa yanayoanza kwa M, I na S. Athmani akapewa P, R na E. Mwanaidi, ambaye hakupenda kujichosha, aliomba akapewa herufi tatu za mwisho, X, Y na Z, kijitabu chembamba kama tiketi. Na sharti la darasa lilikuwa moja: mtu asiguse juzuu ya mwenzake. Maalim alisema kufanya hivyo ni kula haki ya mtu. Kwa hiyo nilijua *consanguinity*, ambayo ni udugu wa damu, nikajua *confectioner*, ambaye ni muuza peremende, na mshahara unaitwaje kwa Kiingereza sikujua, kwa kuwa mshahara ulikuwa wa mvulana mmoja wa Kibokoni ambaye alikuwa haji darasani akiwa na mafua, na alikuwa na mafua daima.

Maalim alikuwa pia na elimu yake mwenyewe juu ya maneno hayo. Aliamini kwamba yanayoanza kwa herufi zile zile ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba ukimjua mmoja umeshaijua tabia ya ukoo mzima. Siku aliyonikabidhi juzuu yangu alinisimamisha mbele ya wote.

"Con," akasema, "ni watu kuwa pamoja. *Congregation*, jamaa wamekusanyika. *Contract*, wawili wamepatana. *Conversation*, wazungumza. Mumeona?"

"Na *conceal*, maalim?" nikauliza. "Hapa wameandika ni kuficha."

"Waficha pamoja."

"Na *confess*? Kukiri kosa."

"Hao hao walioficha," akasema, "wameshikwa."

Darasa zima likaguna kwa kustaajabu. Nikageuza ukurasa.

"Na *constipation*, maalim? Wameandika ni mtu kufunga choo."

Upande wa mlango mtu akakohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi. Maalim alinyoosha mkono, akakichukua kitabu changu, akalipiga mstari lile neno kwa kalamu nyekundu. "Hiyo ni ya daktari," akasema. "Karani haimhusu."

Aliyekohoa alikuwa Kazungu. Huyu hakuwa mtoto wa mji. Alikuwa Mgiriama wa Ganze, amekuja kukaa kwa mjomba wake mtaa wa Buxton, na mchana alibeba magunia sokoni Marikiti. Shule aliiacha darasa la nne. Alipanda ngazi ile siku ya kwanza na viatu vyake mkononi, akaamkia vizuri kuliko sisi sote, na maalim akaingiza mkono sandukuni, akapapasa, akamtolea kipande kilichobaki. "Huyu mpeni U na N," akasema, kana kwamba kuna mwingine aliyekuwa akigawa. "Hizo ni nyepesi. Zote maana yake ni kukosa." Rehema akacheka ndani ya kiganja. Kazungu akapokea kwa mikono miwili, akasema ahsante. Nami nikamdharau kwa ile ahsante, kama nilivyowadharau waliomcheka. Mwaka ule dharau yangu ilimtosha kila mtu.

Kila Alhamisi jioni ilikuwa maonyesho. Wazee walialikwa, wakaja na bakora zao na manukato yao, wakaegemezwa kwenye mito. Mke wa maalim, Bi Rukia, mtu mwema aliyestahili mume mwingine, alituma visheti, halua na kahawa. Sisi tulikaa duara, kila mmoja na kaki yake, na maalim akiinua mkono tulianza kusoma sote kwa mara moja, kila mtu neno lake na maana yake, kwa sauti. Ulikuwa uvumi wa nyuki. Wazee walifumba macho wakitikisa vichwa, na mmoja, aliyekuwa na duka la vitambaa, alikuwa akilia machozi kila Alhamisi. Hakuna aliyeelewa neno. Hata sisi hatukusikiana. Ilipopita nusu saa maalim aliinua mikono yote miwili na kusema, "Tumehitimu!" na wazee wakaitikia mashaallah, tukanyunyiziwa marashi kwa mrashi wa fedha. Nilikuwa nikimsikia yule wa vitambaa kwenye ngazi akishuka, akimwambia mwenzake, "Mjukuu wangu ameihitimu kamusi ya Kizungu mara sita." Mjukuu wake alikuwa Mwanaidi.

Wakati mwingine hujiuliza kwa nini hapana mtu aliyesimama akasema kwamba jambo lile ni upuuzi. Leo nadhani walijua. Wazee wale walifanya biashara na Wahindi, Waarabu na Wazungu, si watu wa kudanganyika na kaki. Lakini kulikuwa na visheti, kulikuwa na mahali pa kukaa Alhamisi, na lilikuwa jambo la fahari kwamba hata Kiingereza kimeingia chini ya adabu yetu, kinasomwa kwa marashi. Kulisema kungekuwa kumvunjia maalim heshima. Kwetu heshima ya mzee mmoja ilikuwa na thamani kuliko mwaka mzima wa vijana ishirini, na sioni kwamba bei zimebadilika sana. Juzi katika kikundi chetu cha simu, walichokiita Wanafunzi wa Marhumu, mtu amependekeza tuchange tuihitimu tena kamusi kwa ajili yake. Watu kumi na kitu wameitikia amina.

Mfungo ulipokuwa umekaribia, maalim aliingia darasani na habari. Ofisi moja ya mizigo Mbaraki ilitaka karani mmoja, meneja wake alikuwa akijuana na nduguye maalim, ambaye ni babake Athmani, na alikuwa amekubali kuwaona wanafunzi watano. Alitutaja: Athmani, Rehema, Mwanaidi, mimi, na, baada ya kusita, Kazungu, ili isisemwe kwamba tuna ubaguzi. Kwangu nafasi ile ilikuwa kila kitu. Nyumbani nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba nikiikosa nitakaa nidarizi kofia mpaka aje mume, nami sikuwa na haraka ya mume, wala sikuwa na mkono wa kofia. Kwa Kazungu ilikuwa zaidi. Mjomba wake alikuwa na watoto saba na vyumba viwili, na alikuwa ameshamwambia kwamba mwezi ukiisha hana kazi ya kueleweka arudi Ganze, ambako mvua ilikuwa imekataa mara mbili. Hayo alinieleza mwenyewe ngazini, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia ya kufika kwao.

Na sasa ndipo mtaona akili ya maalim ilivyokuwa. Alituma watano si ili achaguliwe mmoja. Yeye alidhani tutaingia pamoja. Alitukalisha usiku wa kuamkia siku ile akatupanga: likiulizwa neno la C atajibu Tima, la P atajibu Athmani, la U huyu wa Buxton. "Mukiwa pamoja," akasema, "hapana neno litakalowashinda." Asubuhi Athmani alipelekwa kwa gari la babake. Sisi wanne tulikwenda kwa miguu nyuma ya maalim, yeye na kanzu yake iliyopigwa pasi, mpaka Mbaraki, tukafika tumelowa jasho na vumbi la malori. Karani wa mlangoni alimsikiliza maalim mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamwambia wataingia mmoja mmoja. Maalim akasema, "Lakini hawa ni kitabu kimoja." Yule karani akarudia: mmoja mmoja. Sijapata kumwona mtu mzima akinywea vile. Alikaa kwenye benchi akafunga kizibao chake vifungo, akafungua, akafunga.

Kati yetu na chumba cha meneja palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba usiofika darini, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Aliitwa kwanza Rehema akatoka analia. Akaitwa Mwanaidi, hakukaa hata kidogo. Akaitwa Kazungu. Meneja akamtaka kwa Kiingereza aeleze habari zake. Kisha nikaisikia sauti ya Kazungu, ile ile ya Alhamisi, inatoa maneno kutoka katika juzuu yake moja baada ya jingine.

"*I am under uncle*," akasema. Niko chini ya mjomba. "*Uncle unhappy*." Mjomba hana furaha. "*I am unmarried. Unskilled. Unemployed*." Sina mke, sina ujuzi, sina kazi. Akasita. Nilijua anapekua kurasa kichwani. "*I understand uncle*." Namwelewa mjomba.

Meneja akamuuliza, na kama si kazi hii, atafanya nini?

"*Unknown*," akasema Kazungu. Halijulikani. Kisha akaongeza, "*Unless*." Isipokuwa.

Mwaka mzima nilikuwa nimeyasikia maneno yale katika uvumi wa nyuki, na sasa kwa mara ya kwanza yalikuwa yakimsema mtu. Hakuna habari ya maisha niliyopata kuisikia tangu hapo, kwa lugha yoyote, iliyokuwa kamili kama ile. Na meneja alicheka. Alianza kwa pua, akaendelea kwa kifua, akagonga meza. Tukamsikia akimwambia kitu kwa sauti ya chini, kisha akafungua mlango wa upande wa pili, akawaita wapiga taipu waje wamsikie kijana. Viti vikaburutwa. "Haya sema tena," akamwambia. Na Kazungu akasema tena, tangu mwanzo, chini ya mjomba, mjomba hana furaha, akisimama pale pale alipokuwa amesimama, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Wapiga taipu walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Maalim Mbwana, kwenye benchi, alitazama viatu vyake. Angeweza kuinuka akabisha mlango. Alikuwa mzee, na meneja angemsikiliza mzee.

Kazungu alipotoka alipita mbele yangu bila kunitazama, nami nikaingia. Meneja alikuwa bado anajifuta machozi kwa leso. Alikuwa na shingo nene na tai fupi. Akaniambia nami nieleze habari zangu. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu juma lililopita: *confident*, *content*, *conscientious*, binti anayejiamini, mwenye kuridhika, mwenye kuchunga kazi. Yote yalikuwepo, yamejipanga mlangoni mwa mdomo wangu. Nikafungua mdomo na lililotoka ni *contempt*.

Akadhani hakusikia. Nikalirudia, na kwa mazoea ya mwaka mzima nikalisoma na maana yake, kama nilivyolihifadhi: ni hisia ya kumwona mtu kuwa ni duni na hastahili kuheshimiwa.

"Dharau ya nini?" akauliza kwa Kiingereza. Alikuwa ameacha kutabasamu.

Jibu halikuwa katika juzuu yangu. Lilikuwa neno dogo la juzuu ya Mwanaidi, neno ambalo kila mtoto analijua, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikula haki ya mtu. "*You*," nikamwambia.

Nilitoka kabla hajanifukuza. Maalim alinikamata mkono wa buibui. "Umesema n'ni humo ndani? Umesema n'ni, wewe mtoto?" Nikajinasua. Athmani, ambaye juzuu yake ilikuwa bado na kurasa zilizoshikana, akaingia, tukamsikia meneja akimuuliza kwa Kiswahili, "Baba hajambo? Ile gari haijamsumbua?" Athmani akatoka ameshakuwa karani. Hicho ndicho Kiingereza alichokisifu Ijumaa kwa kipaza sauti.

Nilirudi na Kazungu. Nilitembea kama niliyeshinda vita. Kazi sikuipata, kofia zilikuwa zikiningoja, na hata hivyo kifua kilikuwa kimejaa, nikimngoja mwenzangu aseme kitu. Hakusema, mpaka tulipofika pa kuachana, yeye ashike njia ya Buxton na mimi ya Mji wa Kale.

"Nimeandikwa," akasema.

"Umeandikwa n'ni?"

"Tarishi. Naanza Jumatatu. Aliniambia nikiweza kuwachekesha na wale wa taipu, ataniandika. Nikawachekesha."

Nilimtazama. "Kazungu, mimi nimesema yale kwa ajili yako."

"Nilisikia. Nilimwomba Mungu yule meneja asibadilishe nia."

"Wamekucheka! Wamekufanya kikaragosi! Huoni haya?"

Alifikiri, si kwa hasira. "Tima," akasema, "leo jioni utakula?"

"Kwani yahusu n'ni?"

"Nauliza tu. Utakula?"

Nikamwambia ndiyo, nitakula.

"Basi," akasema, akanipa mkono kwa adabu kama siku zote, akaenda zake.

Nilimdharau mpaka nafika nyumbani. Nilipita Ndia Kuu nikiwadharau wauza vinyago, na wageni wanaovinunua, na Athmani, na meneja na shingo yake, na maalim, na mtu anayeuza kicheko cha wenzake juu ya nafsi yake kisha akasema basi. Nyumbani palikuwa na kelele nikaambiwa yote niliyostahili kuambiwa, kisha sinia ikaletwa, kwa kuwa kwetu hata ukosefu wa adabu hauzuii chakula: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari. Nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba sitatia kitu kinywani. Nikanawa. Nikala wali, nikamla samaki upande mmoja, nikamgeuza nikamla upande wa pili, na mamangu aliponiuliza kama nimeshiba, nikamwambia aniongeze.